Jina la Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Bibi kapiga simu. Alhamisi anapasuliwa jicho, lile moja linaloona bado. Haogopi kisu, kasema, ila anataka mjukuu wake wa ng'ambo amwombee, maana kila Jumapili namwambia nimetoka kanisani. Nimetoka kitandani! Miezi minane sijapiga goti. Nitaanzaje na shida? Hata binadamu huwezi kumnyamazia miezi minane, kisha ukamjia na bakuli mkononi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa. Mwenzangu wa chumba (tunamwita Shehe kwa kuwa hakosi swala) amwombee badala yangu. Dini mbalimbali, lakini macho ni macho. Nikamwahidi kuosha vyombo mwezi mzima. Kakataa vyombo, kakubali dua. Akauliza tu bibi yangu anaitwa nani.

Bibi, nikasema.

Jina lake, akasema.

Silijui! Mtu kanilea tangu nanyonya, jina lake silijui. Shehe akasema kwa upole kwamba Mungu anamjua, asiyemjua ni mimi. Nimeosha vyombo kwa hasira.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia Mama. Kasema tangu aolewe mkwewe anamwita Mama tu, jina alitoe wapi, na kwani huku nimeanza kuvuta nini? Nikampigia Bibi mwenyewe, nikajifanya chuo kinataka majina ya ndugu. Akacheka, akalitaja polepole. Akasema tangu Babu afariki hakuna aliyemwita hivyo. Hebu nimwite, asikie.

Nikamwita. Kwa sauti ya kisichana kabisa, akaitika: abee.

Nimelia bafuni. Nilifungulia maji ili Shehe asisikie.

Alhamisi, 7 Machi
Adhuhuri Shehe katandika mswala wake dirishani. Mimi nikapiga goti kando ya kitanda. Maneno yote yamenipotea! Nimetaja jina lile tu, tena na tena. Shehe kasema linatosha.

Jumapili, 10 Machi
Bandeji imetolewa. Bibi anaona! Keshahesabu kuku wa jirani na kugundua wawili ni wake. Akauliza kama nimetoka kanisani. Nikasema ndiyo, na kwaya nzima inamsalimu. Ulimi huu! Sasa Jumapili ijayo anataka kuiona kwaya kwenye simu, maana macho anayo.

Hakijaharibika kitu. Shehe kakubali kusimama nyuma yangu na wenzake sita, wafunguefungue midomo. Kauliza tu kwaya inaitwaje.

Kwaya ya Mtakatifu, nikasema, halafu nikamalizia kwa jina la Bibi.