Bati la Fundi, Historia ya Kinanda

Habari hii alinipa shemeji yangu, fundi wa bodi za magari, mwaka juzi tukiwa kwenye benchi la hospitali ya macho. Si msemaji, lakini foleni ya siku ile ingemfanya hata kisiki kipige soga. Palipopungua nilijaziwa na mdogo wangu, mkewe, ambaye alikuwepo na hasahau neno.

Basi palikuwa na mtu wakimwita Kinanda, kwa sababu ukimgusa tu anaimba. Suti moja, viatu vyeupe, na kazi asiyoijua hata mama yake. Siku moja alikuwa kwa kinyozi, povu mpaka masikioni, akamwona tajiri wa magodoro kwenye kiti cha pili, macho kwenye kalenda ya ukutani. Picha ilikuwa ya gari la mashindano la kabla ya vita kuu: jekundu, refu kama sigara, halina paa, magurudumu ya spoki.

"Hayo ndiyo magari," tajiri alimwambia kinyozi. "Lakini gari la zamani lisilo na historia ni bati tu. Watu hawalipii chuma, wanalipia historia."

Kinyozi akasema kweli bosi, kama vinyozi wasemavyo kwa kila kitu. Kinanda akainuka na ndevu za upande mmoja. Mtu akikuonyesha mwenyewe mahali panapomwasha, kutomkuna ni dhambi.

Akaenda moja kwa moja kwa shemeji. Sasa, kazi ya bodi ina uchungu wake: ukiifanya vizuri haionekani. Gari linakuja limekunjamana kama karatasi, linatoka kama halijawahi kugongwa, na mwenyewe anaondoka akilisifu gari. Kwa miaka arobaini hakuna aliyemuuliza shemeji, kazi hii ya nani? Na mwaka ule macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitamani kazi moja tu ionekane kabla macho hayajafunga duka.

"Fundi, unaweza kupiga bodi nzima kutoka sifuri?"

"Bodi ya nini?"

Kinanda akatoa karatasi ya kalenda mfukoni. Kinyozi mpaka leo hajui mwezi wa sita ulikwenda wapi. Shemeji akaisogeza karibu na pua, akaitazama mpaka Kinanda akaanza kuhama miguu.

"Naweza. Ila injini ya hivi sina."

"Tia yoyote. Tajiri hatalikimbiza, atalitazama."

Mdogo wangu alikuwa akianika nguo. "Na mgawo?" aliuliza, maana mumewe asingeuliza.

"Haki kwa haki, dada yangu. Bati la fundi, historia yangu. Bati litauzwa kwa bei ya bati, achukue yeye. Historia itauzwa kwa bei ya historia, nichukue mimi."

"Andika."

Kinanda akaandika, akatia saini yenye mikia mitatu.

Miezi minne shemeji alipiga mapipa na mabati mpaka majirani wakazoea, nyundo ikinyamaza wanauliza kama anaumwa. Kona ya nyuma ya lile gari, mdogo wangu anasema, aliipapasa kwa kiganja jinsi mtu anavyopapasa shavu la mtoto kuona kama ana homa.

Kinanda naye alikuwa chumbani akipika historia. Alimzaa dereva mmoja aliyeitwa Radi. Radi alishinda mara tatu. Mara ya nne breki zilikatika, akaingia na gari kwenye kinu cha unga, akatokea upande wa pili mweupe kama mzuka, bado wa kwanza. Vita vilipoanza, alilificha chini ya magunia lisije likayeyushwa kuwa risasi. Palikuwa na picha zilizolowekwa kwenye chai ya rangi, barua za mjane, na glavu moja ya ngozi. Ya pili ilipotelea kinuni. Kurasa arobaini na moja, na Kinanda mwenyewe alilia kwenye ukurasa wa thelathini.

Ikabaki kutu. "Siki na chumvi," Kinanda aliagiza. "Lizeeke."

Shemeji alipaka, shingo upande. Alikuwa ameishi kwa kuondoa kutu, leo anaipanda. Asubuhi ya siku ya mteja, Kinanda alipokwenda kumleta tajiri, mkono ukamshinda. Bwana aliyemfundisha kazi alimwambia gari la mteja halitoki gereji chafu, na neno la bwana yule lilikuwa limeingia mifupani. Akachukua msasa, kisha rangi.

Tajiri alipoingia uani, gari la miaka themanini lilikuwa linang'aa kama kijiko kipya.

"Lilitunzwa," Kinanda alisema, sauti imepanda kidogo.

"Naona." Tajiri aligusa boneti, akatazama kidole chake, kimekuwa chekundu kwa rangi mbichi. Akakifuta kwa leso polepole. "Historia yake?"

Alisoma faili lote akiwa amesimama, hata ukurasa wa thelathini. Kisha akalifunga. "Nimpelekee mama watoto asome. Nyumbani funguo za kabati la pesa anashika yeye."

"Hata wiki nzima, bosi," Kinanda akasema, akamkabidhi na glavu. Alipoondoka tajiri, akamkumbatia shemeji, rangi ikaingia kwenye suti.

Wiki ya tatu, kwenye uwanja wa mpira, palikuwa na maonyesho ya magari ya zamani. Watu walijazana mbele ya gari moja kuukuu, limeliwa na kutu kwelikweli. Tajiri alikuwa nalo bandani miaka mingi, zee la haki, ila halina cheti cha kuzaliwa. Pembeni yake ubao: Radi, kinu cha unga, magunia. Ndani ya kioo, glavu moja.

Kinanda alijipenyeza hadi mbele. "Historia hii..."

"Ina kasoro?" tajiri akauliza kwa upole. "Sema, ndugu yangu. Mwandishi wa habari huyu hapa, na yule pale ni askari. Tuwaambie ameitunga nani?"

Kinanda alimtazama askari, akaanza kurudi kinyumenyume. Aliyeibiwa uongo ataandikisha nini kituoni?

Akafika gereji jua likiwa la utosi, viatu vyeupe vimekuwa vya kijivu. "Fundi, tuliuze hivyohivyo, tugawane."

Mdogo wangu alikuwa na ile karatasi ndani ya kanga. "Bati la fundi, historia yako," alisoma. "Kaichukue."

Gari lilikuwa limesimama mlangoni. Ubavuni shemeji alikuwa ameandika jina lake lote, la baba na la babu, kwa herufi kubwa kiasi cha kuweza kuzisoma yeye mwenyewe. Mpiga picha za harusi alikuwa ameshalikodi kwa Jumamosi mbili, na bibi harusi wa Jumamosi iliyopita aliuliza kabla hata hajakaa, "Hii kazi ya nani?"

Shemeji alipofika hapo kunisimulia, akajifanya anatafuta namba yake ya foleni.

"Nipumzike kidogo basi," Kinanda aliomba siku ile. Akapanda kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, akaanza kusema habari za dereva mwingine, jasiri kuliko Radi, aliyewahi kuvuka... Hakufika ng'ambo. Mdogo wangu akamtundikia kanga kukinga jua, na Kinanda akalala, mdomo wazi, hausemi kitu.