Kopo la Kutemea

Mvua ndiyo iliyomwingiza Mtanashati kwenye biashara ya kahawa. Alikuwa amejibanza kibarazani mwa mgahawa wa watu wenye nazo, suti yake ya pekee isilowe, alipoona kupitia kioo mabwana watatu wakionja kahawa. Mmoja alichota kijiko, akakivuta kwa mluzi ambao ungemletea Mtanashati kofi la mama yake, akafumba macho, akatema ndani ya kopo na kutangaza kwamba amepata ladha ya limau. Kisha akalipa bei ya mlo wa familia nzima.

Mtanashati akasahau mvua. Alikuwa ameuza mengi maishani, ikiwemo dawa ya upara huku upara wake ukimeremeta na viwanja ambavyo samaki walikuwa wamevitangulia. Ila bidhaa ambayo mteja anailipia, anaitema, halafu anashukuru, hiyo alikuwa hajakutana nayo.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu: hakunywa kahawa. Alikuwa mtu wa chai, tena ya sukari hadi kijiko kisimame. Kahawa ilimkunja utumbo tangu utotoni, na kwake yeye kahawa yote ilinuka kahawa. Lakini kopo lile lilimwondolea wasiwasi. Kazi inayoruhusu kutema ilikuwa imeumbwa kwa ajili yake.

Bahati nzuri, ukoo haukukosa mtaalamu. Shangazi yake alikuwa amekaanga kahawa nyuma ya soko miaka thelathini, kwenye kikaango kipana kama ungo. Mtanashati alimpelekea shikamoo ndefu, akaomba zile chenga na punje zilizoungua ambazo Shangazi huzifagia kuzitupa. Alisema ni mbolea ya maua.

"Una maua, wewe?" Shangazi akamuuliza.

"Ndiyo naanza kupanda, Shangazi."

Wiki ya pili maua yakachanua. Mtanashati alipanga chumba kilichokuwa cha kutolea fotokopi, akachonga mhuri kwa kisigino cha ndala, akaugonga kwenye vifuko vya karatasi. Kahawa hii, alieleza, inatoka kwenye kilima ambacho ukungu hauondoki, na mkulima wake haiuzi kwa mtu asiye na ulimi. Ndiyo maana hapa haiuzwi ovyo. Kwanza unaonja, tukuone.

Maneno hayo matatu ya mwisho yalifanya kazi kuliko yote, maana hakuna aliyekuwa tayari kuonekana hana ulimi. Mwenye duka la vitambaa alipata ladha ya zabibu. Mwenye nyumba, asiyekubali kushindwa, akapata zabibu na asali. Mwalimu mstaafu, mzee mpole aliyezoea kuandika kila kitu, alivuta funda, akakohoa, akaandika kwenye daftari: "Moshi?" Kisha akawatazama wenzake, akafuta.

Hapo Mtanashati akatoa karata yake. Wenye ndimi teule wangeweza kulipia mavuno yajayo mapema. Wakalipa. Mwalimu alitoa akiba ya mabati ya nyumba yake, ambayo paa lake lilivuja hadi kwenye kitanda. Fedha zote zikalala ndani ya debe la biskuti, na Mtanashati akakata tiketi ya basi ya Jumamosi. Mavuno yangekuja, naye angekuwa ameshavunwa na barabara.

Jumatano akaingia mama mmoja mwenye miwani na koti jeupe, kijiko kikining'inia shingoni. Alisema ananunulia kampuni ya nje. Hakusalimia mara mbili. Alipanga vikombe sita kutoka vifuko sita, akavuta mluzi uliotikisa dirisha, akatema. Takataka. Akatema tena. Takataka. Kikombe cha sita mama yule hakukitema. Akameza.

"Hii umeitoa wapi?"

Kilikuwa kifuko ambacho Shangazi alikuwa amemletea siku mbili kabla, eti kwa wageni wake. Mtanashati akajibu kwamba ni siri ya kilima.

"Siri yako kaa nayo. Nataka magunia matatu ya hii hii, Ijumaa saa nne, nakuja na gari." Akataja bei. Kando ya bei hiyo, debe la biskuti lilikuwa senti za pipi.

Mtanashati alifika sokoni hana pumzi. Shangazi akamwambia magunia hayo matatu yapo, yameshashonwa, lakini yana mwenyewe. Mtanashati akamwita Shangazi mama, akamkumbusha marehemu baba, akapiga magoti na suti yake kwenye makapi ya buni. Shangazi akahema kama mtu anayeuza figo, akataja bei, na bei ile, kwa maajabu ya Mungu, ililingana na debe zima la biskuti.

"Hutaki kuonja kwanza, mwanangu?"

"Kuonja? Mimi hii naijua kwa harufu, Shangazi."

Ijumaa saa nne ilifika bila gari. Saa sita nayo. Saa nane Mtanashati alikata uzi wa gunia la kwanza, akachemsha maji na, kwa mara ya kwanza katika taaluma yake, akameza. Ilikuwa ladha ya kitambaa cha jikoni kilichoanguka motoni. Hiyo hata yeye aliijua. Yalikuwa maua yake.

Nyuma ya soko alikuta ndimi teule zote zimekaa kwenye benchi, kila mmoja amerudishiwa chake. Mwalimu, ambaye ndiye aliyempelekea Shangazi kifuko chake aunuse ule moshi, alikuwa ameegemeza mabati mapya ukutani. Mama wa koti jeupe, wifi wa Shangazi, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa anaosha vikombe.

"Shangazi," Mtanashati akasema, "mimi ni damu yako."

"Ndiyo maana sijakuitia polisi. Yale magunia utayachambua hapa hapa, punje moja moja, nzuri na mbovu. Na utazijua tofauti." Akamwekea mkononi kikombe kinachofuka.

Mtanashati akavuta funda, mashavu yakamjaa, macho yakaanza kuzunguka huku na huko chini ya benchi.

"Hapa hatuna kopo, baba," Shangazi akasema. "Meza."