Ombi la Kumnyamazisha Mbunge Wetu Juu ya Daraja la Tullavarra

Tullavarra, ng'ambo ya magharibi.
Jumatatu, baada ya kulisha kuku.

Mheshimiwa Spika,

Pokea salamu zangu, wewe na makatibu wako, pamoja na yule bwana anayekujazia maji kwenye gilasi. Kwenye televisheni namwona yeye peke yake akimaliza kazi bila kuomba nafasi ya kuzungumza.

Mimi ni dereva mstaafu wa lori la maziwa. Shule niliiacha mapema, lakini gari la maktaba hupita kwetu kila baada ya wiki mbili, na Bi. Gobnait, mkutubi wake, hunichapishia Kumbukumbu Rasmi za Bunge. Mimi huzisoma mezani jikoni kwa kioo cha kukuza maandishi, kuanzia sala ya kufungua mpaka kuahirisha. Nahisi nchi hii ina wasomaji wawili wa Kumbukumbu hizo, mimi na anayezichapa.

Ninachokuomba, kwa heshima zote, ni kwamba usimpe tena nafasi ya kuzungumza mbunge wetu, Mheshimiwa Malachy Devane. Sina ugomvi naye. Ni mtu mwema, mbunge huru asiye na chama, mwenye sauti nzuri na koti moja. Shida ni daraja.

Daraja letu la mawe lilikuwa na matao matatu. Majira ya baridi ya mwaka juzi mto ulifurika, tao la kati likaenda na maji. Halmashauri ikaleta uzio, na juu ya uzio kibao kinachosema njia imefungwa kwa muda. Kibao hicho sasa kimeota kuvu. Mimi nakaa magharibi. Dada yangu Attracta, mjane, anakaa mashariki, mita mia nne kutoka mlangoni kwangu. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa napeleka viazi, yeye anapika nyama ya nguruwe na kabichi, tunakula, tunabishana, narudi. Kwa sasa safari hiyo ni kilomita ishirini na sita na mita mia nne kwa kuzunguka, na daktari ameshaninyang'anya leseni kwa sababu ya macho. Basi la kwetu huenda upande mwingine kabisa. Kwa hiyo Jumapili mimi husimama kwenye uzio wa huku, naye wa kule, tukaongea maji yakiwa katikati. Mto una kelele, tunasema mafupi tu. Yeye, "Con, umekula?" Mimi, "Nimekula." Yeye, "Umekula nini?" Hapo hujifanya sijasikia, maana kabichi ninayoipika mimi si ya kutangazwa mbele ya majirani.

Hali ndiyo hiyo. Sasa malalamiko yangu.

1. Mheshimiwa Devane halitaji daraja mahali pake. Katika mjadala wa mgao wa samaki wa baharini, wenzake wakiongea vibua na nyavu, alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, samaki wa mto wa Tullavarra anavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kibali cha mtu. Wapiga kura wangu nao lini watapewa haki za samaki?" Ulipiga kengele. Akashukuru kwa kengele, akaendelea.

2. Katika mjadala wa wanajeshi wetu wanaolinda amani ng'ambo, alitaka kujua kama ni kweli wahandisi wa jeshi wanaweza kutandika daraja jangwani kwa siku moja. Waziri, masikini, hakujua anapelekwa wapi, akajibu kwa fahari kwamba ni kweli. Devane akasema, "Basi Tullavarra tutaleta mchanga wenyewe, Waziri atuletee jeshi." Kumbukumbu zimeandika hapo: kicheko. Mimi sikucheka. Nilichapishiwa nakala tatu tu kwa ajili ya kuhifadhi.

3. Mwezi wa kumi na moja Bunge lilikaa kutoa rambirambi za waziri wa zamani aliyefariki. Kila mtu alisema maneno mazuri. Wetu akasema marehemu alikuwa mtu wa kuunganisha watu, na kwamba kama angekuja Tullavarra kufanya kazi hiyo angelazimika kugeuza gari. Halafu akainamisha kichwa kwa dakika nzima, tena kwa dhati. Naomba uamue mwenyewe kama huo ni uungwana.

4. Hili linaniuma zaidi kwa sababu limeingia ndani ya familia. Katika mjadala wa bajeti ya afya alisema hivi, nami nanukuu: "Kuna mama mmoja Tullavarra, Attracta, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, aliyebadilishiwa nyonga mwezi wa pili, na kaka yake alimwona kwa mbali tu siku aliporudi kutoka hospitali. Yeye alinyanyua mkongojo, kaka akanyanyua kofia. Huko ndiko kuuguza ndugu siku hizi." Mheshimiwa Spika, dada yangu ana miaka sabini na saba. Jumapili ile hakuuliza kama nimekula. Alisimama kwenye uzio, mikono kiunoni, akasema kwa sauti iliyovuka mto bila shida yoyote, "Wewe Con, sabini na tisa kaitoa nani?" Nikamwambia sijui. "Hujui? Nyonga anaijua, mkongojo anaujua, kofia yako anaijua, halafu miaka yangu ndiyo imempotea?" Nikasema huenda ni makosa ya Bunge. Akaniambia, "Ngoja hilo daraja litengenezwe, mdogo wangu, nitakuja kukuuliza tena." Kwa kweli ipo siku nilitamani lisitengenezwe haraka.

Na hapa niseme wazi: sijui ni nani anayempelekea habari mbunge huyu. Anajua kina cha maji chini ya tao lililoanguka. Anajua kilomita ishirini na sita na mita mia nne. Ni nani katika nchi hii anapima barabara mpaka mita? Jambo hilo nalo lichunguzwe.

5. Nilijaribu njia ya amani. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi Mheshimiwa hukaa baa ya Tuohy, pembeni ya moto, na daftari lake na kikombe cha chai, na watu humpelekea shida zao kwa zamu. Nilipanga foleni nyuma ya mama mwenye tatizo la ukuta. Zamu yangu ilipofika nikamwambia mbele ya watu, "Mheshimiwa, umeongea mno kuhusu lile daraja. Tumekuwa kichekesho." Akaniangalia kwa huruma. "Mzee Con, hilo ni neno zito. Ngoja niliandike." Akaliandika. Tuohy mwenyewe, akifuta gilasi, akasema, "Leo umempa chakula, Con." Sikumwelewa mpaka Jumanne, nilipomwona Devane kwenye televisheni, katika mjadala wa leseni za mbwa: "Mheshimiwa Spika, nimelalamikiwa na mpiga kura wangu, mzee mwenye busara zake, kwamba nazungumza mno kuhusu daraja la Tullavarra. Sasa fikirini wenyewe daraja limefungwa muda gani, mpaka wazee wamechoka kulisikia." Mtu wa namna hii ukimlalamikia unamnenepesha.

6. Majirani zetu wa jimbo la pili wana mbunge mkimya. Katika miaka tisa Kumbukumbu zinaonyesha amesimama mara mbili, na mara ya pili alikuwa anaomba dirisha lifungwe. Jimbo lake lina bwawa la kuogelea, taa za barabarani mpaka kwenye malisho ya ng'ombe, na madaraja manne yaliyo wazi, moja likiwa halina mto. Mimi si msomi, ila kujumlisha najua. Anayenyamaza anapewa. Anayesema anapigiwa kengele. Maana yake ni kwamba kila Devane anaposimama, daraja letu linarudi nyuma kwa mwezi mmoja, na kwa hesabu yangu, amelitaja mara hamsini na tatu.

7. Mwezi wa tatu alifariki Peadar Loughnane, jirani yangu wa huku, ambaye makaburi ya kwao yako kule. Ukisimama dirishani kwake unaona mahali alipokuwa anakwenda kuzikwa. Tulizunguka naye kilomita zote zile, msafara wa magari kumi na tisa nyuma ya jeneza, nami nimepewa kiti kwenye gari la mtu. Kule kaburini nilisimama karibu na dada yangu kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Alinishika mkono wa koti, hakuniuliza habari ya umri. Mheshimiwa Devane alikuwepo, kama anavyokuwepo kwenye kila mazishi ya jimbo hili. Alipita akishika mkono wa kila mtu na kusema pole. Alipofika kwangu alisema pole tu. Nilisubiri aseme daraja. Hakusema. Nimelalamika hapa mambo sita kwa sababu anasema, na hili la saba ni kwa sababu alinyamaza, nami sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, maana mtu anayejua pa kunyamaza hana kisingizio kule kwingine.

Kutokana na hayo naomba mambo yafuatayo. Ama Devane azuiwe kusimama katika mjadala wowote ambao daraja laweza kuingizwa. Nimepitia ratiba yako na sijaona ambao haliwezi. Ama ukumbi wa Bunge uhamishiwe Tullavarra, upande wa mashariki, mawaziri walale upande wa magharibi. Na kama yote mawili yana ugumu, basi daraja lenyewe lipewe kiti, maana limeshatajwa kuliko wabunge wengi, limesimama mahali pamoja kwa miaka, na halivushi mtu, kwa hiyo sifa linazo.

Usidhani natishia. Lakini unajua kwetu kura hupigwa kwa namba, unampa mmoja ya kwanza, mwingine ya pili, hadi uchoke. Chaguzi tano nimempa Devane namba moja. Safari hii nafikiria kumpa namba nne, na hilo katika ukoo wetu ni tamko zito. Marehemu baba aliwahi kumpa mtu namba tatu, na hawakusalimiana tena.

Nisalimie wabunge wote, walioamka na waliolala. Msalimie mpiga chapa wa Kumbukumbu, mwambie kuna mtu anamsoma. Msalimie Waziri wa mambo ya madaraja kama yupo, na kama hayupo, msalimie anayesema hahusiki.

Wako katika utii na kwenye uzio,

Cornelius Sugrue
Dereva (mstaafu)

Nyongeza. Barua hii imekaa kabatini siku kumi na mbili, kwa sababu stempu nilizokuwa nazo zina picha ya samaki nami nikaona zingeleta maneno. Katika siku hizo lori la halmashauri lilikuja na daraja la chuma la waenda kwa miguu, likashushwa kwa kreni pembeni ya lile la mawe. Jumapili nikiwa namenya viazi, mlango uligongwa. Alikuwa Attracta, mkongojo mkono mmoja, sufuria mkono mwingine. "Hatua mia nane na kumi na mbili," akasema, "nimezihesabu. Sogea, Con, hii ya moto." Tulikula. Kesho yake ndipo ikafika barua ya Mheshimiwa Devane, akisema ana furaha kunijulisha kwamba daraja linakuja. Nakala zake zilifika nyumba zote, za huku na za kule.

Jumapili ile, wakati natafuta sahani, dada aliikuta barua hii kabatini akaisoma yote. Akaiweka mezani, akaniangalia. "Mita mia nne, Con. Mtu mwingine anayepima hivyo ni nani?" Ikabidi nikiri. Samaki ni wangu. Jeshi la jangwani ni langu. Rambirambi niliziandika mimi, na siku ya baa tulipanga pamoja, Tuohy akiwa shahidi. Hata barua hii ni wazo langu, maana kwenye meza ya Spika ndipo mahali pekee ambapo Devane alikuwa hajalifikisha daraja. La mazishini tu hatukupanga. Lile lilikuwa lake. Nimekiri yote isipokuwa ile sabini na tisa, ambayo naendelea kusema ni makosa ya Bunge.

Kwa hiyo ombi langu naliondoa, na namba moja yangu iko palepale. Ningeichana barua, ila karatasi imeshajaa pande zote mbili na hesabu zake ni sahihi. Jambo moja tu limebaki. Magari bado hayavuki, na lori la maziwa bado linazunguka. Naona kwenye ratiba kwamba Alhamisi mna mjadala wa anga za juu. Nimeshampelekea Devane kurasa mbili. Ukiweza, Mheshimiwa, siku hiyo kengele iwe mbali kidogo na mkono wako.