Baba Afrika wa Magongo

Jumatatu, 3 Machi 1947

Nimeamua. Mwanangu ataitwa Afrika. Mwenye wivu ajinyonge!

Mwenye wivu namjua. Ni Nguma, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, hapa hapa Magongo. Mwaka jana alikuwa Nguma tu, mtu wa wembe butu. Mkewe akazaa, akampa mtoto jina la Jenerali, na sasa watu wazima na ndevu zao wanapita wakimpigia saluti. Subalkheri, Baba Jenerali! Wanamletea kuku! Mimi nimekaa barazani na cherehani yangu, hakuna anikaribiaye kwa kushona Changamwe nzima, naitwa fundi. Fundi tu!

Lakini Mungu si Athumani. Mke wangu Selpher amejifungua mvulana, kifungua mimba. Hana jina bado. Analia kutwa. Shangazi yangu Kadzo anasema mtoto analilia jina: kuna mtu wa ukoo, hai au mfu, anataka wajina wake. Jumamosi baba yangu, Mzee Lewa, anakuja kutoka Kaloleni. Majina ya ukoo yataitwa mbele ya watu. Jina atakalolinyamazia mtoto ndilo lake.

Na kila mtu keshajua litakuwa Lewa, maana kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu yake. Lewa! Nampenda baba yangu, lakini Magongo imejaa akina Lewa. Muuza makaa, Lewa. Mwenye mbuzi wanaokula vitambaa vyangu, Lewa. Nani atampigia saluti Baba Lewa?

Afrika, je? Tangu mgomo wa wafanyakazi hapa Mombasa, Januari, kila anayesimama uwanjani kuhutubu anasema sisi Waafrika. Zamani huyu alikuwa Mgiriama, yule Mkamba, yule Mjaluo. Sasa jina moja limetutia sote kapuni. Na mimi nitakuwa baba yake! Huyo Jenerali na jeshi lake watasimama wapi kama si juu ya mwanangu?

Nimeshona vifungo vya shati upande usio wao kwa furaha. Si kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Selpher. Aliendelea kuchagua mchele, kisha akauliza mzee mwenyewe nimemwambia? Nikamwambia mambo makubwa huanza kwa siri. Akasema siri yangu ameisikia kisimani.

Kweli imetoka! Shangazi Kadzo alifika kabla ya adhuhuri, jasho linamtiririka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upande wa mdomo. Akauliza huyo Afrika ni mtoto wa nani, kaoa wapi, kazikwa wapi. Nikasema si mtu, ni bara. Lo! Alinishika sikio kama nilipokuwa mdogo. Jina la mtoto ni la mtu, akasema. Ardhi haikaliwi matanga. Ardhi haiji usiku kumlilia mjukuu. Kama sina mtu, sina jina.

Nguma alisikia yote kutoka ng'ambo. Akamwacha mteja na povu shavuni, akaja kunishauri nimwite mtoto Changamwe, na wa pili nimwite Relwe. Watu wakacheka. Na povu lake lote yule mteja akacheka!

Haidhuru. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Jina lazima lilianza na mtu fulani. Nitamtafuta.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Thoya wa shule ya misheni alileta suruali nimtie kiraka. Bahati hiyo! Nikamwazima kikoi, nikaikalia suruali, nikamwambia haitoki hapa mpaka anieleze jina la Afrika limetoka wapi.

Akaeleza. Ole wangu! Anasema zamani sana Warumi walipigana na mji uitwao Kartago, huko juu kabisa kaskazini, wakaushinda. Kando yake walikaa watu walioitwa Afri. Basi Warumi wakaliita jimbo lile Afrika. Jimbo moja tu! Nikauliza, na Changamwe? Haimo. Kaloleni? Haimo. Hata Misri, anasema, haikuwamo. Wayunani nao upande wote ule waliuita Libya. Wengine husema neno lina maana ya mahali penye jua, na wengine mahali pasipo baridi, lakini Mwalimu anasema hao wanabahatisha.

Nikashika kichwa. Kumbe kwa miaka na miaka sisi tulikuwa hapa tukila muhogo wetu, na Afrika iko mbali nasi!

Mwalimu akatoka kwangu akaenda kunyolewa. Kwa Nguma! Na mtu akinyolewa husema. Jioni Nguma alisimama barabarani akitangaza kwamba fundi anamwita mwanawe kwa jina la shamba la Warumi.

Nikajibu papo hapo. Nikasema jina lilizaliwa dogo, likakua, likameza bara zima kutoka bahari hadi bahari. Mtoto gani asiyezaliwa mdogo? Wanawake wa kisimani wakasema ala, hapo fundi kasema! Nguma akarudi kwenye wembe wake. Nalala na ushindi.

Lakini mtu bado sina.

Alhamisi, 6 Machi

Boga amekuja. Rafiki yangu, alikuwa askari, alikwenda na jeshi hadi Libya. Nikamkaribisha mahamri na mbaazi aniambie kama huko alimkuta mtu aitwaye Afrika.

Afadhali ningekula mahamri yangu mwenyewe. Boga anasema alimkuta Kaburu, mzungu mwekundu kama pweza aliyechemshwa, akamwambia yeye Kaburu ndiye Mwafrika, lugha yake ni Kiafrika, na babu yake alikuwa Mwafrika. Boga akamuuliza, na sisi je? Kaburu akasema nyinyi ni wenyeji tu. Salaale! Anakuja mgeni, anachukua jina, mwenye nyumba anabaki mwenyeji tu!

Boga ana sauti ya gwaride. Nguma akasikia. Akapaza sauti kwamba hongera, fundi atamzaa Kaburu. Kisha akaongeza kwamba jina hilo limeandikwa pia stesheni, mlangoni mwa choo chetu, ili tusikosee tukaingia cha Wazungu. Basi mtoto, akasema, ana chake tayari.

Na aliyecheka kuliko wote leo ni Lewa muuza makaa.

Nilikasirika hata nikavunja sindano. Warumi wanalo, Makaburu wanalo, wahutubu uwanjani wanalo, choo kinalo. Mimi ninayelipenda kwa dhati sinalo! Kesho kutwa baba anafika. Selpher ananitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilivuka kwenda Likoni kupeleka kanzu ya Maalim Faki. Huyu ni mtu wa vitabu, babu zake wote walikuwa watu wa vitabu. Alitoka msikitini, akaijaribu kanzu, akaridhika. Nikamweleza msiba wangu. Akacheka taratibu, akanikaribisha kahawa, akasema Waarabu wa kale waliita nchi ile ya Tunisi Ifrikiya. Kwa nini? Akasema wako wapokezi wa hadithi wanaosimulia kwamba alikuwako mfalme wa Yemen, akaitwa Ifrikish, akaiteka nchi ile, ikapewa jina lake.

Mfalme! MTU!

Maalim akawahi kusema kwamba wanazuoni wenyewe hawakubaliani, na ajuaye ni Mwenyezi Mungu, na pwani yetu hii Waarabu waliiita kwa majina mengine kabisa. Sikusubiri amalize. Kahawa niliiacha ikifuka.

Moja kwa moja hadi kwa Shangazi Kadzo. Shikamoo, mtu nimempata. Ni mfalme. Akauliza anatuhusu nini. Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Nikamuuliza, wazee wetu walitoka wapi? Akasema Singwaya, kila mtoto anajua. Nikauliza, Singwaya iko upande gani? Kaskazini. Na Afrika alitawala wapi? Kaskazini! Shangazi akatafuna tumbaku yake kwa muda. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mtoto mwenyewe ndiye hakimu: aitiwe Lewa kwanza, kisha wazee wengine, kisha huyo wangu.

Kwanza Lewa! Hapo pana hatari. Je, akinyamaza papo hapo? Nimepanga na Boga. Atajificha nyuma ya nyumba na debe na rungu. Akisikia jina la Lewa tu, apige debe kwa nguvu zote. Mtoto atashtuka, atalia, Lewa amepita. Boga akasema ndiyo, bwana. Mtu wa jeshi! Ukimwagiza, amefanya.

Jumamosi, 8 Machi

Mimi ni Baba Afrika. Naliandika tena kwa raha zangu. Baba Afrika!

Baba alifika asubuhi na jogoo kwapani na tembo la mnazi kibuyuni. Amekonda. Alimwomba mtoto ampakate, akamtazama usoni. Mtoto analia tu. Majirani wakajaa uani. Mwalimu Thoya alikuja, na hata Nguma asiyealikwa, amembeba Jenerali mabegani ili watu wamwone.

Kibuyu, kwa bahati mbaya, kiliwekwa nyuma ya nyumba. Pale pale alipojificha Boga.

Shangazi Kadzo akamchukua mtoto, akasimama mlangoni, akamgeuzia jua. Akaita, Lewa! Nikafumba macho kungoja debe. Kimya. Boga hayupo! Lakini mtoto mwenyewe, Mungu ambariki, akazidi kulia! Akarusha miguu! Watu wakanong'ona. Shangazi akarudia, Lewa, Lewa wa Kaloleni! Mtoto akapiga ukelele. Shangazi akaita jina la babu wa baba, akaita na la kaka yake. Mtoto bado. Baba yangu akatazama chini.

Nikajitokeza. Nikapaza sauti, AFRIKA!

Na hapo ndipo Boga, tembo likiwa limempanda, aliposikia jina likiitwa akadhani ndilo. Alilipiga debe lile kama adui! Kuku wakaruka, Jenerali akaanguka kutoka mabegani mwa Nguma akaangukia kapu la nguo, Mwalimu Thoya akalala chini kifudifudi. Kelele kama zile hazijapata kusikika Magongo.

Na mtoto? Kimya! Macho kodo, mdomo wazi, hata kwikwi hakuna!

Shangazi Kadzo akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaangalia juu. Akasema basi, mwenyewe kachagua. Vigelegele! Baba Afrika! Mama Afrika! Walimbeba Boga wakidhani ilikuwa ngoma ya heshima. Tukala wali wa nazi na jogoo wa baba. Nguma alikula mwanawe akimlilia gotini.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilimsindikiza baba kwenye basi. Tukangoja kando ya barabara. Nikamweleza tena habari za mfalme, na Yemen, na Singwaya. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema debe alilijua. Aliiona miguu ya Boga alipokuwa akiweka kibuyu.

Nikataka ardhi inimeze.

Hakunikaripia. Alisema jina la Afrika si baya, na kama Warumi na wafalme waligombana kwa ajili yake, hata mjukuu wake anaweza kulitumia kidogo. Ila njiani kutoka Kaloleni alikuwa akijifunza namna ya kumwita mtoto. Wajina, njoo. Wajina, kaa hapa. Mzee mzima, anasema, peke yake ndani ya basi. Akaniuliza kama nalionea haya jina lake, maana hana nyumba ya bati wala minazi mingi, na hilo jina ndilo alilokuwa nalo la kuwaachia.

Nililia. Naandika ukweli. Nililia barabarani mbele ya watu, mtu mzima, na kanzu ya Jumapili. Nikamwambia namwonea fahari kuliko wafalme wote. Nikaapa kwa Mungu aliye juu kwamba mtoto wangu wa pili ni Lewa, awe amenyamaza, awe amelia. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka basi likaja. Akapanda akitabasamu.

Nilikuwa bado nafuta machozi Nguma alipopita. Alijaribu kugeuza uso, lakini alikuwa na wateja wake wawili. Ikambidi. Akasema, habari za asubuhi, Baba Afrika.

Aah! Asali haifikii utamu ule.

Jumanne, 11 Machi

Siku njema. Watu wanasimama barazani kwangu. Makuli wa bandarini walinipigia saluti. Lewa muuza makaa kaleta kuku! Mtoto naye halii tena. Selpher akimwogesha namsikia akimwita Lewa, Lewa, naye anatulia kama maji mtungini. Nadhani amemkumbuka baba mkwe. Mke mwema huyu.

Alasiri, msiba. Mke wa Nguma ana mimba. Na Nguma amepanda juu ya kiti chake cha kunyolea, akatangaza kwamba mtoto akizaliwa, awe wa kike awe wa kiume, ataitwa Dunia. Dunia! Akauliza watu, Afrika iko ndani ya nini? Wakapiga makofi. Makuli wale wale! Mmoja akamwita Baba Dunia papo hapo, na tumbo lenyewe halijaonekana.

Nimefikiri mpaka magharibi. Jibu ninalo. Dunia iko chini ya nini? Mbingu! Nimemwambia Selpher tusichelewe. Amenirushia ndala, lakini atakubali. Kesho navuka kwenda Likoni kumuuliza Maalim Faki kama palikuwa na mfalme yeyote aliyeitwa Mbingu.

Baba nilimwapia, sikatai. Lakini baba ni mtu mwelewa, na kiapo hakiozi. Lewa atakuwa wa tatu. Au wa nne, itategemea Nguma.