Kaburi la Mwasisi

Rodrick wa Kitai, ambaye ulimi wake ulikuwa umemlisha miaka kumi pasipo msaada wa mikono, alisimama mbele ya jiwe la bustani ya ufukweni, mahali mji wetu ulipoanzia. Bamba la juu lilikuwa limeng'olewa na wauza vyuma chakavu. La chini lilisema: "Tarsisi alishuka hapa katika mtumbwi wake, akajenga nyumba ya kwanza."

"Babu yangu!" alilia Rodrick, huku akijihakikishia kwamba anasikika.

Ottilia, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, aliinua macho. Samaki wake walikuwa wakikauka mchangani, na juma lile lile wanunuzi wa Mbinga walikuwa wamewakataa, wakisema kwamba kuwala ni kutafuna mchanga wa ufukweni.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mjukuu wa Tarsisi. Nimekuja kupokea heshima zake."

"Marahaba, mjukuu! Tumekungoja mno!" Wanawake wenzake waliokuwa wakianika wakapiga vigelegele. "Magunia mawili ya usipa na mbuzi ni yako. Ila mrithi hali kabla hajalijengea kaburi la mzee." Akamwonyesha tuta la mchanga kando ya bustani.

Rodrick alipima upesi: saruji mifuko minne, dhidi ya magunia mawili na mbuzi. Akauza saa yake, akakunja suruali, akachanganya zege.

"Panua kidogo," alisema Ottilia.

"Bibi, hapa watalala watu sita!"

"Marehemu alikuwa mpana. Tena lisawazishe; hakupenda mabonde."

Siku ya tatu zege lilipokauka, Rodrick alikuja kudai urithi wake. Akalikuta kaburi limefunikwa usipa, pembe hadi pembe.

"Unaanika samaki juu ya babu!"

"Babu yupi? Bruda Tarsisi amezikwa kule kanisani. Na mtawa, mwanangu, hana wajukuu. Yote hayo yaliandikwa kwenye bamba la juu."

"Na mbuzi wangu?"

"Ni wa mrithi. Siku atakapotokea, tutampa."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Ottilia akampa konzi ya usipa. "Onja."

Rodrick alitafuna polepole. Hapakuwa na chembe ya mchanga. Akaitazama mikono yake kwa mashaka, kama mtu aliyetambulishwa kwa wageni.

"Bibi, hakuna mwingine anayehitaji kaburi?"

"Vitalia, mchuuzi mwenzangu huyu, anahitaji. Ila yeye hana mbuzi wa kuahidi, itambidi akulipe."