Mashua Iliyotoka Uani Kwangu Kapata

Kapata, Kolwezi, tarehe 14 Oktoba

Kwa Mama Tina Kabamba,
Msimamizi wa Chama cha Wavu Mpya,
Nzilo.

Yahusu: Ombi la kurudishiwa mashua yangu, ikiwezekana ikiwa mbovu.

Mama Msimamizi mheshimiwa,

Kwa heshima yote inayokustahili, na bila chuki moyoni isipokuwa ile ya lazima, naleta mbele yako malalamiko yangu. Naitwa Kisimba Mathieu, nina miaka sitini na saba. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kampuni ya shaba kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikijenga mashua ya chuma uani kwangu. Nimeijenga miaka tisa. Mabati yake niliyakata kwenye tanki kuukuu la maji. Ilikuwa na urefu wa mita sita, na ilikuwa haijaisha.

Mwezi wa saba nilikwenda Likasi kwenye kilio cha dada yangu mkubwa, nikakaa wiki tatu. Niliporudi, mahali pa mashua palikuwa na kamba mbili za kuanikia nguo, na mke wangu Adèle alikuwa anaanika shuka. Akaniambia kwamba ameitoa zawadi kwa chama chako, kinachowaondoa vijana kwenye mashimo ya madini na kuwafundisha uvuvi. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila kugeuka: "Ile bwato ilikuwa inazala paka panya, Mathieu. Kule itazala samaki." Yaani kwangu mashua ilizaa panya tu.

Sipingi vijana kusaidiwa. Ninayoyapinga ni haya:

1. Kwamba nimefanywa mkarimu bila ridhaa yangu. Kwenye hati yenu, mke wangu alitia sahihi mahali palipoandikwa "mwenye mali". Anasema anayefagia kukizunguka kitu kwa miaka tisa ndiye mwenyewe. Nanyi mkanitumia barua ya shukrani yenye muhuri, na padri akaisoma kanisani mbele ya watu wote. Tangu Jumapili ile wamekuja wanne kuniomba. Mmoja alitaka ngazi, mmoja baiskeli, na wawili walitaka kunitazama tu.

Jirani yangu Abedi, msafirishaji, ambaye tumekula pamoja sikukuu zake zote na zangu zote, ndiye aliyetoa lori. Nilipomwendea, alinikaribisha chai, kisha akasema, "Tata Mathieu, batoto kumi na mbili njo baliibeba. Mi nilitoa paka kamio." Kwa hiyo vijana walibeba tu, Abedi alitoa lori tu, hakuna hata mtu mmoja aliyenikosea, na mashua haipo.

2. Kwamba mashua inaelea. Hili ndilo zito. Kwa miaka tisa kila aliyepita kwenye uzio wangu aliuliza itaisha lini, nami nilijibu kwamba bado, kwamba ikiingizwa majini leo itaua watu. Nilijibu hivyo kama fundi. Ninyi mmeiingiza majini siku ya kwanza, bila kunisubiri, na haijaua mtu. Sasa Kapata nzima inauliza ilikuwa tayari tangu mwaka gani. Mama Msimamizi, hata mimi sijui. Naomba hati nyingine yenye muhuri, inayosema kwamba inavuja.

3. Kwamba nilizuiwa kukasirika. Nilipanda pikipiki hadi Nzilo kuidai mali yangu. Njia nzima nilipanga maneno makali, nayo yalikuwa yamekaa vizuri. Pale ziwani nilimkuta msichana mmoja akiikwangua mashua matope. Anaitwa Jémima, ana miaka kumi na tisa. Tangu akiwa na miaka kumi alikuwa akiosha mawe ya madini mtoni, upande wa Mashamba, mpaka chama chako kilipomchukua. Hakunijua. Kabla sijafungua mdomo, alipitisha kidole kwenye maungio ya mabati, pale nilipochomelea, na kuniuliza, "Tata, hii sudire nani alifanya? Mayi haipite hata kidogo."

Nilikuwa na maneno ya saa mbili. Nikasema, "Ni mimi."

Akaufuta mkono wake kwenye sketi, akanipa. Tangu hapo sikuweza tena kupata mahali pa kuanzia ugomvi.

4. Kwamba niliingizwa ziwani. Mimi sijui kuogelea, na sikuwahi kusema kwamba najua. Kujenga mashua ni jambo moja na kupanda mashua ni jambo lingine. Nashangaa watu wanavyochanganya. Jémima na wenzake watatu walinikalisha katikati, wakapiga makasia hadi mahali ambapo nyumba za ufukweni zilikuwa ndogo kama viberiti. Nilishika kingo zote mbili. Nilikuwa nahesabu kila mshono niliochomelea na kila siku niliyokuwa na haraka.

Ili nisiogope, msichana huyo akaanza kunizungumzisha. Akasema, "Ku kuosha mawe unainama siku muzima, unaona paka miguu yako. Huku mi naangalia mbali." Akavuta wavu. Nauliza: je, ni haki kumwambia mzee maneno ya namna hiyo mahali ambapo hawezi kusimama na kuondoka? Uso wangu ulilowa. Walisema ni mawimbi. Siku hiyo hakukuwa na mawimbi.

5. Kwamba mmeipa mashua jina langu. Mmeandika TATA MATHIEU kwa rangi nyeupe, ubavuni, herufi kubwa, bila kuniuliza. Matokeo yake nimeyaandika kama yalivyonifikia. Sokoni wanasema, "Tata Mathieu leo amejaa mpaka juu." Wanasema, "Tata Mathieu amekwama mu matope, batoto banamuvuta kwa kamba." Wanasema, "Muoshe Tata Mathieu, ananuka." Wiki iliyopita muuza samaki mmoja alimwambia mke wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba Tata Mathieu amelazwa kwa ubavu kule Nzilo na vijana wanampiga nyundo. Adèle aliacha unga wake pale pale na kuja mbio nyumbani. Alinikuta nakunywa chai. Alinitazama muda mrefu, kisha akanikasirikia mimi.

6. Samaki. Kila Ijumaa Jémima anatuletea tilapia mbili. Miaka arobaini nimekula bukari, ugali wetu, kwa samaki wa barafu, yule tunayemwita thomson, na mifupa yake naijua kwa majina. Sasa nyumbani kwangu thomson haliwi tena, na Abedi anafika kila Ijumaa jioni kutusalimu.

7. Hili la mwisho nalieleza kwa ufupi. Kila asubuhi naamka saa kumi na moja kama nilivyoamka maisha yangu yote ya kazi. Navaa ovaroli. Natoka nje nikiwa na nyundo mkononi, nafika kwenye zile kamba za nguo, nasimama. Adèle anafungua dirisha na kuniuliza natafuta nini. Namjibu kwamba naangalia hali ya hewa. Amekwisha kujua kwamba kuangalia hali ya hewa hakuhitaji nyundo, lakini haulizi zaidi, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko swali.

Kwa sababu hizo zote, Mama Msimamizi, naomba yafuatayo. Kwanza, mashua irudishwe. Nafahamu kwamba vijana kumi na wawili wanaitegemea, na kwamba baadhi yao wakikosa maji watarudi kwenye mashimo. Nimelifikiria hilo usiku na mchana, kwa hiyo ombi langu la kwanza nalifuta mwenyewe. Pili, basi, jina lipunguzwe: kibaki kitu kama T.M., ili wanaonijua wajue na wengine waendelee na shughuli zao. Tatu, ikiwa hayo yote hayawezekani, naomba mashua itobolewe. Tundu la ukubwa wa ngumi linatosha, upande wa kushoto, juu kidogo ya mstari wa maji, kwa adabu, mtu yeyote asiwemo ndani. Kisha iletwe kwangu kwa wiki mbili nilizibe. Ikishatengenezwa itarudi Nzilo, na baada ya miezi mitatu itatobolewa tena, upande wa kulia. Naona mpango huu hauna hasara kwa mtu yeyote.

Nisipopata jibu ndani ya siku kumi na tano, nitakuja mwenyewe ziwani na nyundo yangu, na mbele ya mashahidi nitafanya kazi ambayo chama chako kitakuwa kimeikataa.

Nisalimie vijana wote, na wazazi wao walio hai, na mlinzi wa makasia ambaye aliniazima kofia. Msalimie mumeo, ingawa sikumbuki kama nilimwona. Adèle anawasalimu pia. Hajui kwamba nawaandikia. Abedi anajua, na amesema niandike kwa upole.

Ni mimi, katika heshima na uchungu wa kiasi,

Kisimba Mathieu
Fundi mstaafu

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshafungwa wakati lori la Abedi liliposimama mbele ya uzio. Juu yake kulikuwa na mashua ya chuma, ndefu kuliko ile yangu, na Jémima amekaa ukingoni mwake. Kuna mtu wa Tenke ameitoa zawadi kwa chama chako. Mama Msimamizi, ni maiti. Sakafu yake imeliwa na kutu mpaka mtu anapitisha kichwa, na aliyeichomelea, Mungu amsamehe, hakuwa fundi. Jémima alisema, "Mama Tina alisema tuitupe. Mi nikasema tata aione kwanza."

Nimeiona. Imeshushwa, na imejaza ua wote mpaka mlangoni. Adèle anapita kwa ubavu. Kwa hiyo ile ya kwanza msinirudishie kabisa, sina pa kuiweka, na tafadhali asiitoboe mtu. Hii mpya msiniharakishe. Mtu akiuliza itaisha lini, mwambieni bado.

Tuma vijiti vya kuchomelea, pakiti sita. Na Jémima aje Jumatatu saa mbili asubuhi, avae suruali nzito na viatu vya kufunga. Miwani ya kuchomelea nilikuwa nayo moja tu. Ya pili nimeinunua leo.