Saki Mbili Nyuma ya Mulango

Jumatatu, 7 Julai

Masomo imeisha. Watoto wako nyumbani muchana kutwa, na saloni ya wageni si saloni tena. Magari ya waya ya Aaron, mupira ya plastiki, vifuniko vya chupa, pupe ya Plamedie, mutoto wa plastiki yenye mukono moja. Leo Émilienne, muke wangu, alikanyaga gari ya mukebe wa sardini. Aliruka mpaka akashika pazia! Hakulia. Alitangaza. Mama yake atatoka Nyankunde siku ya posho, Jumamosi. Akikuta hata kifuniko kimoja ndani ya saloni, fotei yangu, kiti yangu kubwa, inatoka inje, na pahali yake inaingia etajere ya kupanga vitu ya watoto.

Fotei yangu! Niliitoa Ariwara juu ya kamio ya mizigo, nikiikalia njia yote, mvua ikininyeshea!

Nikamwambia kwamba mimi, mwanaume wake, niko na mupango. Akauliza mupango gani. Nikasema ataona.

Jumanne, 8 Julai

Bido ya njano. Kukata juu, kutupa vitu ndani. Kazi safi kabisa! Plamedie alipiga makofi. Aaron aliingia ndani mwenyewe. Furaha kubwa, mpaka Émilienne akatafuta bido yake ya maji ya kunywa, ile isiyovuja.

Haki ya Mungu, bido zote ni njano!

Nikachota maji na sufuria. Safari mingi. Jirani Serge alisimama kwa mulango wake, akanitakia kazi njema. Ule mutu ni mubaya sana.

Alhamisi, 10 Julai

Serge iko na etajere ya mbao. Pupe za watoto wake zinapangwa pale kama korali ya kanisa, na muke wake Rébecca anaita kila mupita njia aje kuona. Mbao ni ya watu wasio na mayele, wasio na akili. Mimi nilichukua mustikere ya zamani, ile tulikuwa tunajikinga nayo na mbu, nikaitundika juu kwa musumari, na vitu yote ndani. Chini, saloni safi! Nikamwita Serge aje ajifunze. Alisimama katikati kabisa, akainua uso, akauliza kama ule musumari unatosha. Nikamwambia unatosha.

Haukutosha.

Kumtoa Serge ndani ya mustikere ilituchukua wakati. Kifuniko kimoja kilibaki ndani ya shati yake. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Nami, niseme kweli, nilicheka nao. Émilienne hakucheka. Alikuwa anapima fotei na mikono, aone kama inapita mulangoni.

Jumamosi, 12 Julai

Mama mukwe amefika mapema! Nikasikia pikipiki inazima mbele ya nyumba, na saloni imejaa. Mama mukwe akanyage mukebe kwangu? Nitajificha wapi na haya? Lakini nyuma ya mulango wa chumba kulikuwa saki, ile gunia ya maharagi, tayari kwa sadaka ya mavuno kesho. Kando yake saki tupu, inafanana nayo kabisa. Mayele hiyo! Nikatupa ndani magari, mupira, pupe, mawe ambayo Aaron anakusanya. Nikaifunga na kamba ya namna ileile.

Mama mukwe akaingia, akatazama kila kona, akamushukuru Mungu kwamba binti yake aliolewa katika nyumba safi. Alisema hivyo! Nilikula bugali ndani ya fotei yangu.

Émilienne aliniomba nifunge kitambaa juu ya saki moja, nisichanganye. Aka! Mutu anapotea namna gani ndani ya nyumba yake?

Siku ya Mungu, 13 Julai

Sikukuu ya mavuno! Nikapandisha saki kichwani. Nyepesi! Kumbe ningali na nguvu ya kijana. Nikaingia kanisani nikicheza mbele ya korali, nikaitua mbele ya pastere.

Baada ya ibada, kama kila mwaka, sadaka ikauzwa kwa munada pale inje: mihogo, kuku, ndizi. Ikafika saki yangu. Serge akataja bei. Anataka kujivuna na maharagi yangu, huyu! Basi alipe vizuri. Nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena. Shemasi aliomba wafungue kwanza waone mbegu. Nikakasirika. Nikasema maharagi ya Gustave haifunguliwi, jina langu inatosha. Serge akataja bei ya mwisho, wamama wakapiga vigelegele, akafungua.

Gari ya sardini. Pupe. Mawe.

Plamedie akapaza sauti kwamba ni pupe yake. Aaron akakimbilia mawe yake. Mama mukwe alicheka mpaka akashika benchi, na pastere akaficha uso ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikamwambia Serge maharagi iko nyumbani, naileta mbio. Akajibu, kwa upole mubaya, kwamba saki ya kwangu hapokei tena. Anataka kitu anachoona na macho. Kabla sijafungua kinywa, Émilienne alishajibu: fotei.

Kanisa muzima ikasema amina.

Jumatatu, 14 Julai

Fotei iko kwa Serge. Naiona toka dirisha. Anaikalia vibaya. Kwetu tunangoja fundi wa etajere, na vitu ya watoto imerudi ndani ya saki, nyuma ya mulango, kando ya maharagi. Watoto wanacheza munada tangu asubui. Aaron ameokota mawe mengine mingi ya kuuza, anayatunza nyuma ya mulango, Plamedie anapandisha bei, mama mukwe ndiye pastere. Nilinunua jiwe moja. Nyumba yote inacheka, na mimi nakalia bido iliyokatwa.

Lakini nimepata mupango! Nimeenda kumubembeleza Serge. Amekubali: leo nimupelekee maharagi ya kweli, anirudishie fotei. Akikuta kitu kingine ndani, televisheni yetu inafuata fotei. Nikacheka, nikamupa mukono.

Émilienne anasema nifungue saki kwanza nione. Kufungua ya nini? Jana nilibeba ile nyepesi. Leo nimepima zote mbili na mukono, nimechagua ile nzito, nimeiweka tayari mulangoni. Nikiitikisa inalia kidogo kama mikebe. Maharagi ya mwaka huu imekauka vizuri sana.